Aliacha mkorogo, wiki mbili baadaye akazimika. Tuzungumze tezi adrenali

Tabibu Mchovu

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimeuahirisha mara tatu. Leo naushusha kwa sababu mhusika mwenyewe kanipa ruhusa, ilimradi nisimtaje. Humu ataitwa shemeji, na kweli ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu.

Shemeji alizaliwa mweusi wa kung'aa. Akaenda mjini kufanya kazi saluni, baada ya mwaka na nusu akarudi kachujuka rangi, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kama ilivyo kawaida ya mkorogo. Uso umejaa, mashavu yamesukuma macho juu. Watu wakasema mji umemkubali. Mimi macho yangu yakaenda kwenye miguu: kiwiliwili kimenenepa, mikono na miguu imekonda, na akijigonga kidogo tu kwenye meza ngozi inavilia damu. Nikanyamaza. Huwezi kumwambia mtu wa ukweni afunue tumbo umkague michirizi.

Akapata mchumba. Upande wa mume hawataki kusikia mkorogo. Akaacha siku hiyohiyo, kopo akalisukumia uvunguni.

Wiki ya kwanza uchovu. Akisimama ghafla, kizunguzungu. Wiki ya pili kichefuchefu, chakula hakipiti. Wanawake wa nyumbani wakaangaliana: hiyo mimba. Kipimo cha mkojo, hakuna mimba. Malaria, hakuna. Akaandikiwa dawa za UTI, maana nchi hii ukikosa ugonjwa unapewa UTI. Siku ya 14 akaanguka mlangoni mwa choo. Presha 80 kwa 50, sukari 2.8. Akawekewa drip ya sukari akazinduka, baada ya saa chache ikashuka tena.

Daktari wa zamu, kijana mdogo kabisa, akauliza swali ambalo mimi na miaka yangu 19 ya kazi sikuwa nimeliuliza: "Dada, unapaka nini, na umeacha lini?" Shemeji akageukia ukutani. Shangazi yake ndiye aliyerudi nyumbani akaja na kopo limefungwa kwenye khanga. Krimu ya kukorogwa saluni, na chini yake tyubu mbili zilizokamuliwa hadi mwisho, zimeandikwa clobetasol 0.05%, dawa kali ya ngozi ya jamii ya steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli.

Wakachukua damu ya kupima homoni ya kotisoli, na bila kusubiri majibu wakamchoma haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) miligramu 100 na maji ya chumvi. Jioni ile akaomba ugali. Majibu yalikuja siku nne baadaye: nanomoli 31 kwa lita. Mtu mzima mwenye afya, saa mbili asubuhi, huwa na mamia. Mgonjwa aliyezidiwa vile alitakiwa apite 500.

Kwa hiyo mnaona kitendawili. Mwili una sura ya mtu aliyezidiwa na homoni, damu ni ya mtu asiye nayo kabisa. Naeleza jinsi inavyotokea.

Siku mkichinja mbuzi, msikimbilie kutupa mafuta ya figo. Yapasue taratibu mbele ya figo, mtakuta kitu kidogo kama harage. Kikate katikati: ganda lina rangi yake, kiini kina rangi yake. Hiyo ndiyo tezi adrenali. Binadamu anazo mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, uzito gramu nne au tano tu. Zenyewe hazitengenezi mkojo, na figo ni majirani.

Kiini kinatoa adrenalini na noradrenalini. Ni ile unayoisikia ukikoswakoswa na bodaboda: moyo mbio, jasho, mdomo mkavu. Ajabu ni kwamba ukikosa kiini unaishi tu, kwa sababu mishipa ya fahamu inatoa noradrenalini yake.

Ganda ndilo huwezi kuishi bila hilo. Lina tabaka tatu. La nje linatoa aldosteroni, ambayo inaiambia figo ibakize sodiamu na itupe potasiamu. La kati linatoa kotisoli, ambayo inashikilia presha na sukari isishuke ukiwa na njaa au homa, na inapoza kinga ya mwili isiwake kupita kiasi. La ndani linatoa homoni za kiume kiasi kidogo, kwa wanawake na wanaume.

Kotisoli ina msimamizi. Tezi ya pituitari chini ya ubongo inatuma homoni iitwayo ACTH kuiamrisha adrenali: zalisha. Kotisoli ikitosha, pituitari inatulia. Sasa wewe ukiingiza steroidi ya dukani kila siku, iwe kidonge, sindano au krimu ya mwili mzima, pituitari inaona ghala limejaa na inaacha kutuma amri. Miezi ikipita, ganda linasinyaa kwa kukosa kazi. Siku unaacha ghafla, ghala tupu na kibarua amelala. Kumwamsha huchukua miezi, wengine mwaka au zaidi.

Na si lazima dozi iwe kubwa. Prednisoloni, steroidi ya kidonge, miligramu 5 inakaribia kotisoli yote ambayo mwili unatengeneza kwa siku. Deksamethasoni, steroidi nyingine yenye nguvu zaidi, haifiki hata miligramu 1 kwa kazi hiyohiyo. Clobetasol, gramu 2 za krimu kwa siku zimeshaonekana kuzima mfumo huu, ndiyo maana maelekezo yake yanasema isizidi wiki mbili mfululizo na isizidi gramu 50 kwa wiki. Sasa pigeni hesabu ya anayepaka mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka na nusu.

Karibuni.

Kisiki cha Mpingo

Siti ya mbele kabisa. Nondo za hivi ndizo tunazitaka, si kila siku siasa na Simba na Yanga.

Mtoto wa Ferry

Mkuu hii si chai kweli? Krimu inapita kwenye ngozi hadi kuzima tezi iliyo tumboni? Mbona mafuta ya nazi hayapiti?

Tabibu Mchovu

Si chai mkuu. Molekuli ya steroidi ni ndogo na inapenda mafuta, inapenya. Na yenyewe inakondesha ngozi, kwa hiyo kadiri unavyopaka ndivyo mlango unavyozidi kuwa wazi. Ongeza joto la Dar na wanaojifunga nailoni usiku ili "dawa iingie".

Dada wa Kanga

Nina swali zito na naomba nisichekwe. Mama yangu ana miaka 63, magoti. Kuna mzee anamuuzia unga wa "dawa ya mifupa", vipakiti vya karatasi, anakunywa kimoja asubuhi. Mwaka wa pili huu. Kwa kweli unamsaidia, alikuwa hapandi ngazi sasa anapanda. Ila uso umekuwa duara, nyuma ya shingo kuna kinyama kimeinuka, na mwezi uliopita ameambiwa ana sukari. Niliposoma hapo juu nikaingia baridi. Nimwambie aache leo?

Tabibu Mchovu

USIMWACHISHE LEO. Naomba hilo liwe la kwanza.

Siwezi kuapa kilichomo bila maabara, lakini dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu ya magoti kwa siku mbili, inajaza uso, inaotesha nundu na kuleta sukari, mimi naifikiria ina prednisoloni au deksamethasoni iliyosagwa ndani yake.

Hata huo muujiza wa kupanda ngazi una historia. Septemba 1948, Mayo Clinic, Marekani, Dk. Philip Hench alimchoma mwanamke wa miaka 29 mwenye baridi yabisi kali kitu walichokiita Compound E, ambacho ndicho kotisoni, ndugu wa kotisoli. Alikuwa hajiwezi kitandani, ndani ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Nobel. Baadaye ndipo nyuso zilipoanza kujaa na mifupa kukonda. Mzee wa vipakiti anauza sura ya kwanza ya hadithi hiyo.

Cha kufanya: vipakiti vitatu vinne uviweke kwenye mfuko, mpeleke mama hospitali yenye daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, useme bila kuficha. Watampa prednisoloni inayojulikana kipimo, kisha waishushe polepole. Asiyameze yote mawili pamoja. Na kabla hamjafika huko, akitapika, akipata homa kali au akilegea, ni dharura, mwambie wa mapokezi maneno haya: "ametumia steroidi muda mrefu."

Dada wa Kanga

Asante kaka. Tatizo ni yeye mwenyewe, yule mzee anamwamini kuliko sisi wanawe.

Mlinda Lango

Kaka yangu alifariki 2016 na mpaka leo nyumbani wanasema alirogwa. Alikonda, akawa mweusi, yaani mweusi kupita alivyozaliwa. Na alikuwa analamba chumvi. Mama alikuwa anaficha kopo, anamkuta kachovya kidole kwenye mfuko wa dukani. Walimkuta na TB wakamwanzishia dawa, wiki ya pili tu ya dawa akaisha kabisa. Watu wakasema dawa za TB zimemuua. Hii inahusiana na uzi au natoka nje?

Tabibu Mchovu

Pole sana ndugu yangu. Hujatoka nje, umeingia katikati.

Simjui kaka yako na sikumpima. Lakini ulichoeleza ni ugonjwa wa Addison neno kwa neno. Thomas Addison, daktari wa Guy's Hospital London, aliuandika mwaka 1855: wagonjwa wanaodhoofika, moyo dhaifu, tumbo linasumbua, ngozi inabadilika rangi, wakifunguliwa baada ya kufa tezi zimeharibika. Kati ya wale aliowaelezea, wengi tezi zao ziliharibiwa na kifua kikuu. Ulaya ya leo sababu kubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe. Kwetu TB bado ipo palepale, na kwa mwenye VVU kinga ikishuka sana hatari inaongezeka.

Weusi unatoka wapi? Ganda likiharibika, pituitari inapiga kelele, inamwaga ACTH isiyo na idadi. ACTH inakatwa kutoka protini moja na homoni inayoamsha rangi ya ngozi, na yenyewe ikizidi inaamsha rangi. Vitabu vya Wazungu vinasema mgonjwa anakuwa kama aliyechomwa jua, sisi haitusaidii. Kwa mtu mweusi angalia fizi, ulimi, ndani ya mashavu, mistari ya viganja, na makovu mapya. Kama mistari ya viganja imekuwa kama imechorwa kwa kalamu na mwaka jana haikuwa hivyo, uliza maswali. Shemeji hakupata hivi, kwake ACTH ililala, haikupanda.

Chumvi ni kwa sababu aldosteroni haipo, sodiamu inamwagika na mkojo. Mwili unaitafuta. Mama alikuwa anaficha dawa bila kujua, na hakuna wa kumlaumu.

Sasa dawa za TB. Rifampisini inalichochea ini kuvunja kotisoli haraka. Mtu ambaye tezi zake zilibaki na akiba ndogo, akianza rifampisini, ile akiba inaisha kwa kasi, na mara nyingi inaonekana katika wiki za mwanzo. Dawa hazikuwa adui, bila hizo TB inaua. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji apewe na haidrokotisoni, kwa dozi ya juu kuliko kawaida.

Mlinda Lango

Kuna jirani aliuza shamba akahama kwa sababu ya kesi hii. Alisingiziwa yeye ndiye mchawi.

Nimesoma jibu lako mara nne. Ngoja nitoke nje kidogo.

Afya Lishe Bora

Ndugu wasomaji, je unaamka umechoka? Unatamani kahawa na vitu vitamu? Hiyo ni ADRENALI ILIYOCHOKA kutokana na stresi za maisha! Tunayo vidonge vya mimea vinavyofufua adrenali ndani ya siku 21. Njoo inbox.

Tabibu Mchovu

Nilijua mtakuja.

Hakuna ugonjwa unaoitwa adrenali kuchoka. Madaktari wa homoni hawautambui, na stresi haimalizi kotisoli, inaipandisha. Kuchoka asubuhi kuna sababu 1,000: damu kupungua, tezi ya shingo, kisukari, sonona, mtoto anayelia usiku, mkopo. Mbaya zaidi, baadhi ya virutubisho vya "adrenali" huko duniani vilipopimwa vilikutwa na homoni halisi ndani. Yaani unamfufua aliye hai halafu unamlaza.

Mods mwoneni huyu.

Kisiki cha Mpingo

Njoo inbox 😂😂 kapigwa na kitu kizito.

Sista Zamu ya Usiku

Mimi muuguzi wa wodi ya watoto, nimeona hakuna aliyegusa upande wetu naomba niongeze.

Kuna watoto wanazaliwa tezi zao zimekosa kimeng'enya cha kutengeneza kotisoli na aldosteroni. ACTH inasukuma, tezi inavimba, na malighafi yote inageuka homoni za kiume. Duniani ni kama mtoto 1 kati ya 15,000, kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili.

Mtoto wa kike anazaliwa sehemu za siri zina utata, familia inaambiwa ni wa kiume, anapewa jina la babu. Angalau huyo anaonekana. Wa kiume anaonekana mzima kabisa, mnampeleka nyumbani, wiki ya pili au ya tatu anatapika, hanyonyi, anakauka. Sisi tunaandika maambukizi ya damu. Sodiamu chini, potasiamu juu, na kama maabara haipimi hivyo viwili siku hiyo, basi.

Nilichojifunza kwa machozi: mama akiniambia "hata wa kwanza alikufa hivihivi akiwa na wiki tatu", sasa hivi naamsha daktari, hata iwe saa tisa usiku. Nimeshafokewa kwa hilo. Siachi.

Tabibu Mchovu

Sista heshima kwako. Wa hivyo akigunduliwa anameza dawa maisha yake yote na anakua.

Pwani Raha

Salamu kutoka Mombasa. Daktari, mimi nina presha tangu 29, sasa nina 34. Niko kwa dawa nne na bado 160. Kuna mahali nilipimwa potasiamu wakasema iko chini wakanipa tembe za potasiamu basi. Familia yetu hatuna presha. Ni hizi tezi pia?

Tabibu Mchovu

Ndugu wa Mombasa, mimi si daktari, ni afisa tabibu, tofauti ipo kwenye mshahara.

Inawezekana, na kisa chako kinastahili kuchunguzwa. Aldosteroni ikizidi, sodiamu inabaki, maji yanabaki, presha inapanda, potasiamu inatupwa. Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan aliueleza mwaka 1955, ukaitwa ugonjwa wa Conn. Si wa nadra kama tulivyofundishwa, na wagonjwa wengi potasiamu yao ni ya kawaida kwa hiyo hawashtukiwi. Mwambie daktari wako akupime aldosteroni na renini (kiamsho cha aldosteroni kinachotoka kwenye figo) pamoja. Ila kwanza mtajie dawa zote, baadhi ya dawa za presha zinaharibu kipimo. Na hizo dawa nne ziangalieni, zipo zinazoshusha potasiamu zenyewe. Ikithibitika, kama ni uvimbe wa tezi moja unaweza kukatwa, kama ni zote mbili kuna spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya aldosteroni.

Nimalizie na kiini, maana nimekisahau. Kuna uvimbe wa nadra unaitwa feokromositoma, unamwaga adrenalini kwa vipindi. Mtu yuko sawa, ghafla kichwa kinapasuka, jasho, moyo mbio, presha 220, nusu saa baadaye yuko sawa. Huku kwetu anaishia kwa mganga akitolewa jini. Kwa wenzangu wa kada: huyo usimwanzishie dawa za jamii ya propranololi peke yake, presha inaweza kuruka juu zaidi.

Mtoto wa Ferry

Mkuu mimi niliyesema chai naomba radhi. Shemeji anaendeleaje? Ndoa ilifungwa?

Tabibu Mchovu

Ilifungwa. Anameza prednisoloni, ilianza juu imeshuka hadi miligramu 4, kila baada ya muda anapimwa kotisoli ya asubuhi kabla hajameza. Mara ya mwisho ilisoma 140, kibarua kaanza kufungua jicho. Ana karatasi kwenye pochi imeandikwa anatumia steroidi. Akipata homa anaongeza dozi mara mbili, akitapika anakuja kuchomwa sindano hata kama ni usiku. Mumewe amefundishwa.

Rangi imerudi isipokuwa kwenye paja, michirizi ile haitoki.

Dada wa Kanga

Narudi baada ya wiki tatu kama nilivyoahidi inbox. Tumempeleka mama. Kotisoli ilikuwa 22. Daktari alivichukua vipakiti, akavinusa, akatikisa kichwa. Ameanzishiwa vidonge, sukari imeanza kushuka kidogo.

Ila magoti yamerudi. Jana usiku nimemkuta amekaa kitandani anayakanda kwa maji ya moto. Akaniuliza vile vipakiti vilivyobaki nimevificha wapi.